Mnauliza ada, hamuulizi mwalimu

Nimeadimika humu karibu mwezi mzima, zamu za usiku zimenibana. Lakini ujumbe wenu nimeusoma wote. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maswali ni yale yale: Dada, chuo huko Bondeni bei gani? Anti, Wits wanachukua Watanzania? Shemeji, hapo Sandton hakuna chuo kizuri cha uuguzi? Wengi mnauliza ada, wachache mnauliza malazi. Mwalimu hakuna anayemuuliza.

Basi leo nitaanza na hiyo ada ili wenye haraka waondoke na chao, halafu nitawapa historia kidogo. Najua kuna wanaosinzia wakisikia neno historia. Vumilieni tu, maana hii inahusu fedha zenu na watoto wenu.

Afrika Kusini na Tanzania zote ni wanachama wa SADC. Mwaka 1997 nchi za jumuiya hiyo zilisaini itifaki ya elimu na mafunzo, na moja ya makubaliano yake ni kwamba mwanafunzi anayetoka nchi mwanachama atendewe kama mwenyeji kwenye ada. Kwa hiyo vyuo vikuu vya umma vya huku kwa kawaida humtoza Mtanzania ada ya masomo ile ile ya mwenyeji. Lakini msishangilie mapema. Vingi vinaongeza tozo ya usajili kwa wageni, na vinataka sehemu kubwa ya fedha ilipwe kabla masomo hayajaanza. Bado bima ya afya, bado viza, bado chumba. Ndugu zetu wa Kenya na Uganda hawamo SADC, wao hesabu yao ni nyingine.

Haya, hiyo ndiyo ada. Sasa tuje kwa mwalimu.

Mkija kunitembelea nitawapeleka Soweto, Mtaa wa Vilakazi. Watalii wanaofikia hoteli za hapa Sandton hupelekwa huko kuona nyumba aliyoishi Mzee Mandela na, mtaa huo huo, ile ya Askofu Desmond Tutu. Wanapiga picha, wanakula, wanarudi. Wachache wanauliza huyo Vilakazi mwenyewe alikuwa nani. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Benedict Wallet Vilakazi alikuwa mshairi wa Kizulu. Katikati ya miaka ya 1930 aliajiriwa hapo Wits, akawa Mwafrika wa kwanza wa nchi hii kufundisha kwenye chuo kikuu cha Wazungu. Mwaka 1946 akapata udaktari wa fasihi hapo hapo. Lakini cheo alichoajiriwa nacho hakikuwa mhadhiri, kilikuwa msaidizi wa lugha. Kamusi kubwa ya Kizulu na Kiingereza aliyoiandaa pamoja na Profesa Clement Doke ilitoka mwaka 1948. Mwenyewe hakuishika mkononi, maana alifariki mwaka 1947 akiwa na miaka 41. Miaka ya 1950 akaja Robert Sobukwe, naye akafundisha Kizulu Wits kwa cheo hicho hicho cha msaidizi, mpaka alipoacha kazi mwaka 1960 ili aongoze maandamano ya kupinga pasi.

Mnaona mchezo huo? Chuo kinataka akili ya mtu, ila hakitaki kumpa kiti. Ukisoma historia ya vyuo vya kwetu Afrika, utaona mwalimu anaondolewa kwenye kiti kwa njia tatu. Kuna rungu la serikali, kuna njaa, na kuna kuchoshwa. Nitazipitia zote, maana hiyo ya tatu ndiyo ya siku hizi na ndiyo inayowagusa ninyi mnaotafuta vyuo.

Tuanze na rungu. Mwaka 1959 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ya kuwazuia Waafrika kujiunga na vyuo vikuu vya Wazungu bila kibali cha waziri, ikaanzisha vyuo vya kikabila pembeni. Sheria hiyo ilisema juu ya wanafunzi, lakini kivuli chake kiliwafikia na walimu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua Archie Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia. Serikali ikatisha, baraza la chuo likanywea, uteuzi ukafutwa. Wanafunzi wapatao 600 wakakalia jengo la utawala kwa siku tisa. Haikusaidia.

Sasa mnajua alikwenda wapi? Mlimani! Mwaka 1969 Mafeje alikuwa Dar es Salaam akiongoza idara ya sosholojia. Alichokitupa Cape Town, Dar ilikiokota. Chuo cha Cape Town kilikuja kuiomba radhi familia yake rasmi mwaka 2008, yeye alishafariki mwaka mmoja kabla. Miaka 40 ya kusubiri neno samahani.

Tusijisifu sana lakini. Mlimani ya wakati ule ilikuwa na sifa kubwa, na ilistahili. Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawafiki 20. Ndani ya miaka kumi kilikuwa kinavuta wasomi wa dunia nzima. Walter Rodney alikuwa anafundisha hapo alipoandika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Serikali ilikuwa inalipa kila kitu, ada, chakula, mpaka nauli ya likizo. Ila anayelipa peke yake ndiye anayeamua peke yake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda JKT. Masharti yenyewe yalikuwa na miezi kadhaa ya kambi, na baadaye kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Siku hiyo hiyo akajikata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, hilo nalo tuliseme. Kwa waliokuwa vyuoni funzo lilikuwa wazi, kwamba mfuko ni mmoja na sauti ni moja.

Uganda rungu lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1972, zamani za Idi Amin, makamu mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Mwaka huo huo Waasia walifukuzwa nchini na wahadhiri wengi wakakimbia. Kenya, mwaka 1980, Rais Moi alipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu. Na huku Johannesburg, tarehe 1 Mei 1989, mhadhiri wa anthropolojia wa Wits, David Webster, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake mtaa wa Troyeville. Walimuua kwa sababu alikuwa anaandika na kusema juu ya watu waliowekwa kizuizini. Kutoka hapa Sandton mpaka Troyeville ni mwendo mfupi tu wa gari.

Njia ya pili ni njaa. Hii wazazi wetu waliiona kwa macho yao. Miaka ya 1980 shilingi iliporomoka, maduka yakawa matupu, na mshahara wa mwezi ukawa hauvuki wiki ya pili. Wahadhiri wa Mlimani wakafuga kuku na ng'ombe, wakauza maziwa, wenye magari wakayafanya teksi. Wanaocheka wacheke, lakini hebu fikirieni. Mtu aliyesomeshwa miaka 20 ili afundishe madaktari na wahandisi wenu anaamka saa kumi usiku kulisha kuku, halafu ndiyo aende darasani. Muda wa kusoma utafiti mpya ataupata wapi? Wengine wakaona bora wahame, wakaenda Lesotho, Swaziland, Botswana, Zimbabwe, na baada ya mwaka 1994 wakaja huku. Mpaka leo ukipita vyuo vya Afrika Kusini utakutana na maprofesa wa Kitanzania, Kiganda na Kikenya. Tunasema wauguzi tumekimbia, lakini waliotufundisha walitutangulia.

Aprili 1990 jumuiya za wahadhiri wa Tanzania zilikutana zikatoa Azimio la Dar es Salaam la uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Novemba mwaka huo likafuata Azimio la Kampala, la Afrika nzima. Watu wakisikia uhuru wa taaluma wanadhani ni siasa tu. Walioandika Azimio la Dar waliweka pia suala la malipo yanayomwezesha mwanataaluma kuishi kwa heshima na kuwa huru. Walishaelewa kwamba mwenye njaa hahitaji kutishwa, anajinyamazia mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1990 wanafunzi wa Mlimani wakagoma, na serikali ikakifunga chuo kwa miezi kadhaa.

Makerere walipata dawa yao, na dawa hiyo ndiyo iliyozaa njia ya tatu. Wahadhiri waligoma mwaka 1989 wakidai mshahara wa kuishi. Serikali haikuwa na fedha. Kuanzia mwaka 1992 chuo kikaruhusiwa kuchukua wanafunzi wa jioni wanaojilipia, wakaanza na sheria na biashara. Fedha zikaingia, mishahara ikapanda, rangi ikapakwa. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 zaidi ya wanafunzi 7 kati ya kila 10 walikuwa wanajilipia. Wafadhili wakasifu, Makerere ikawa mfano wa kuigwa Afrika nzima.

Profesa Mahmood Mamdani hakusifu. Mwaka 2007 alitoa kitabu kizima akieleza jinsi soko lilivyoingia ndani ya Makerere. Idara ziligombania wanafunzi wanaolipa, zikabuni kozi za kuuzika, kila idara ikataka kufundisha ya mwenzake. Mhadhiri yule yule akafundisha asubuhi wa serikali na jioni wa kulipia, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Njaa ilipungua, kweli. Lakini muda wa mwalimu, ule wa kusoma, wa kutafiti, wa kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja, ndio uliouzwa. Na hata fedha zenyewe hazikutosha. Novemba 2016 wahadhiri waligoma kudai malimbikizo ya posho, Rais Museveni akakifunga chuo, kikafunguliwa Januari 2017.

Nairobi walipita njia hiyo hiyo wakiwa na kidonda cha zamani. Mwishoni mwa mwaka 1993 wahadhiri wa vyuo vya umma vya Kenya waliingia mgomo wa kudai chama chao kisajiliwe. Ulichukua miezi mingi, viongozi wakafukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba za chuo, na chama hakikusajiliwa. Kilikuja kusajiliwa mwaka 2003, Moi alipokwisha kuondoka. Wakati huo huo vyuo vikaiga Makerere. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikachukua wanafunzi wa kujilipia, kikafungua matawi mijini, na vingine vikafuata. Biashara ilinoga miaka 15 na zaidi.

Kisha ikaanguka ghafla kwa sababu ambayo hakuna aliyeitegemea. Wizi wa mitihani ulibanwa. Mwaka 2016 waliopata alama ya kuingia chuo kikuu katika mtihani wa sekondari walikuwa 88,929, na mwaka uliofuata 70,073. Mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 165,000. Nafasi za serikali zikawatosha wote, wa kujilipia wakayeyuka. Majengo yalishajengwa, madeni yalishakopwa. Nani alibanwa? Mwalimu. Wahadhiri wa Kenya waligoma mwaka 2017, wakagoma 2018, wakagoma 2024, na mwaka 2025 wakagoma siku 49, kuanzia Septemba 17 mpaka Novemba 5. Safari hiyo walikuwa wanadai shilingi bilioni 7.9 za Kenya, malimbikizo ya mkataba wa mwaka 2017 mpaka 2021. Soma tena hiyo miaka. Mtu alifundisha mwaka 2017 akaahidiwa malipo, na mwaka 2025 bado yuko barabarani na kipaza sauti anaidai. Na wanafunzi siku 49 wako vyumbani, kodi inakwenda.

Sasa turudi huku niliko, maana najua kuna anayesema moyoni, hayo ni ya kwetu, Sauzi wana fedha. Sikilizeni basi.

Mwaka 1994 vyuo vikuu vya umma vya nchi hii vilikuwa na wanafunzi karibu nusu milioni. Kufika mwaka 2015 walikaribia milioni moja. Hilo ni jambo jema, watoto wa Soweto na Alexandra wameingia mahali ambapo Vilakazi alinyimwa cheo. Alexandra yenyewe naiona nikivuka barabara kuu ya M1, Sandton iko upande huu na umaskini uko upande ule. Lakini fedha hazikukua sawa na watu. Mwaka 2000 serikali ilikuwa inatoa asilimia 49 ya mapato ya vyuo vikuu, mwaka 2012 ikawa asilimia 40. Ada nazo zikapanda kutoka asilimia 24 ya mapato hayo mpaka 31. Na walimu wa kudumu hawakuongezeka kwa kasi ya wanafunzi.

Oktoba 2015 Wits ilitangaza nyongeza ya ada ya asilimia 10.5 kwa mwaka uliofuata. Tarehe 14 wanafunzi wakafunga mageti. Moto ukaenea nchi nzima, na tarehe 23 Rais Zuma akatangaza kwamba nyongeza ya mwaka 2016 itakuwa sifuri. Wanafunzi hawakudai ya kwao tu. Walidai pia wafagizi na walinzi waliokuwa wameajiriwa kupitia mawakala warudishwe kwenye ajira ya chuo, na Wits na vyuo kadhaa wakakubali. Hapo niliwavulia kofia. Mwaka 2016 machafuko yakarudi, mara hii na polisi, mabomu ya kishindo na risasi za mpira. Desemba 2017 Zuma akatangaza elimu ya juu bila malipo kwa watoto wa familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka.

Wahadhiri walikuwa wapi? Katikati. Wapo walioandamana na wanafunzi, wapo waliosimama kati yao na polisi, wapo waliotaka masomo yaendelee, na wote walitakiwa kumaliza silabasi. Wanafunzi waliwaona ni upande wa utawala, utawala ukawaona ni upande wa wanafunzi. Mnajua wenyewe, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Nitawaeleza habari ya mmoja, kwa sababu ni wa sekta yetu ya afya. Profesa Bongani Mayosi alikuwa bingwa wa magonjwa ya moyo, mtafiti anayeheshimika duniani, mmoja wa watu walioifundisha dunia jinsi kifua kikuu kinavyoshambulia mfuko wa moyo. Septemba 2016 akawa mkuu wa kitivo cha sayansi za afya pale Cape Town. Wiki chache baadaye ofisi yake ilikuwa imekaliwa na wanafunzi. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa weusi kama yeye, na madai yao mengi yalikuwa ya haki. Tarehe 27 Julai 2018 alijitoa uhai, akiwa na miaka 51. Familia ilisema wazi kwamba alikuwa amepambana na sonona kwa miaka miwili.

Mimi ni muuguzi, najua kwamba sonona haina sababu moja, na sitamnyooshea mtu kidole. Ila najua pia kazi inayomtaka mtu abebe kilio cha kila upande bila mahali pa kupeleka chake. Tunaijua wodini. Tulipompoteza Mayosi, nchi nzima ilianza kuulizana ni nani anayemuuguza mwalimu. Kabla ya hapo swali hilo halikuwa la chuo, lilikuwa la mke au mume wake nyumbani.

Hiyo ndiyo njia ya tatu, kuchoshwa. Haina polisi wala njaa ya kukonda, na ndiyo maana haionekani kwenye habari. Hapa Sandton naiona kwa umbo la matangazo. Vyuo binafsi vinajitangaza barabara nzima, picha za vijana wanacheka wamevaa majoho. Vipo vizuri kabisa, tena vimesajiliwa na vinatambulika. Lakini nina rafiki, muuguzi mwenye shahada ya uzamili, anayefundisha jioni kwenye chuo kimoja upande huu wa kaskazini, jina naliweka kapuni. Analipwa kwa saa anazosimama darasani. Saa za kuandaa somo hazimo. Muhula wa jana alikuwa na wanafunzi 140, na kusahihisha karatasi 140 alilipwa fedha isiyofikia mafuta ya gari. Mkataba wake unaisha kila Novemba, na Januari anasubiri kama simu italia. Hana ofisi, mwanafunzi akitaka kumuuliza kitu wanaongea kwenye maegesho ya magari. Siku hizi ameongezewa na mzigo wa kubaini ni kazi gani imeandikwa na mwanafunzi na ipi imeandikwa na akili bandia. Hilo nalo halina malipo.

Mtasema, sasa sisi inatuhusu nini? Inawahusu hivi. Wanafunzi wa uuguzi huja wodini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Hapo ndipo nauona mkono wa mwalimu, hata kama sijawahi kumwona mwenyewe. Mwezi uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili alitakiwa kuandaa insulini uniti 20. Akachukua bomba la kawaida la mililita 2. Nikamwambia asimame, nikamuuliza uniti 20 ni mililita ngapi. Hakujua. Insulini tunayotumia ina uniti 100 kwenye kila mililita 1, kwa hiyo uniti 20 ni sehemu ya tano tu ya mililita moja, na ina bomba lake maalumu lenye mistari ya uniti ili mtu asibahatishe. Akivuta mililita 2 nzima amevuta uniti 200. Huyo mgonjwa haamki.

Binti si mjinga. Ana alama nzuri, ana adabu, anaamka saa kumi kupanda teksi za hiace mbili ili afike zamu. Nilipomuuliza walifundishwaje, alisema somo la sindano la vitendo walilifanya mara moja, wako 60 kwenye chumba kimoja, yeye alikuwa nyuma. Tulikaa naye dakika 40 baada ya zamu, sasa anaweza kumfundisha mwenzake. Dakika 40 tu! Hizo ndizo dakika ambazo mwalimu wake hakuwa nazo, kwa sababu zilishakatwa ili hesabu za chuo zikae sawa.

Kwa hiyo nikiitazama historia yote hii, kuanzia Vilakazi mpaka rafiki yangu wa maegesho, naona jambo moja. Chuo kikiishiwa fedha hakifungi milango. Serikali ikipunguza mchango, ada zikigomewa, soko likianguka, geti litabaki wazi na joho litabaki lile lile. Kinachokatwa ni mwalimu. Mshahara wake unachelewa, wenzake hawaajiriwi, darasa lake linajaa, muda wake unaisha. Na kwa kuwa cheti hakiandikwi ni mwalimu wa namna gani alikufundisha, mzazi hajui kilichokatwa. Anakuja kukijua mgonjwa. Usione vyaelea, vimeundwa, na wanaounda ni hao hao tusiowauliza.

Basi mkitaka kumpeleka mtoto chuo, cha huku au cha huko nyumbani, cha umma au cha binafsi, ulizeni ada, ni haki yenu. Lakini ulizeni na haya. Walimu wangapi wa kozi hiyo wameajiriwa kwa kudumu, na wangapi wanalipwa kwa saa? Darasa la vitendo lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Mwalimu ana ofisi na saa za kuonana na mwanafunzi? Chuo kimesimama mara ngapi kwa mgomo miaka mitano iliyopita, na mgomo ulikuwa wa nini? Kama ulikuwa wa kudai mshahara uliocheleweshwa, msikimbilie kuwalaumu walimu kwamba wanachezea watoto wenu. Ulizeni kwanza deni lina miaka mingapi. Na kwa kozi za afya, ulizeni mtoto atafanya mazoezi hospitali gani, na nani atasimama naye pembeni ya kitanda.

Mkipigiwa porojo badala ya majibu, hapo nanyi mtakuwa mmeshajibiwa.

Wenye wadogo wanaoomba nafasi kwa mwaka ujao, vyuo vingi vya huku hufunga maombi ya afya mapema sana, wengine tangu katikati ya mwaka, kwa hiyo msingoje dakika za mwisho. Leteni maoni na maswali yenu hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Mjomba, wewe uliyesoma Mlimani zamani za kuku na maziwa, andika ya kwako, watoto wasikie kwa mwenyewe.

Wasalaam, dada yenu wa Sandton.